Siku Bibi Alipopanda Jukwaani na Mchi

Enzi zetu, ukitaka kulala darasani ilibidi kwanza uende darasani. Ilibidi uamke, unawe uso kwa maji baridi, utembee njia nzima viatu umevishika mkononi ili soli isiishe, ukae kwenye benchi, ndipo usinzie, tena kwa ufundi, jicho moja likimwangalia mwalimu. Wajukuu zetu wamerahisishiwa. Wao wanalala kitandani kwao, na darasa linawafuata huko huko.

Niliyagundua haya wakati ule wa korona, tulipofungiwa ndani hapa Sydney. Sisi wa Mount Druitt na vitongoji vya magharibi tulibanwa kuliko wenzetu wa kule ufukweni. Helikopta ya polisi ilizunguka juu ya mapaa yetu, usiku ilikuwa marufuku kutoka, na mchana hukuruhusiwa kwenda zaidi ya kilomita tano kutoka mlangoni pako. Binti yangu Rehema anahudumia wazee kwenye nyumba ya kutunzia wazee kule Lidcombe, kwa hiyo yeye alikuwa na kibali. Alikwenda kuwatunza wazee wa watu, mzee wake akamwacha nyumbani na mjukuu wangu Zuhura, msichana wa miaka kumi na minne.

Asubuhi moja nikasikia mwalimu anafundisha chumbani kwa Zuhura. Nikafurahi, nikamwandalia chai ya maziwa na chapati ya jana, nikabisha hodi, nikafungua. Kompyuta ipo mezani, mwalimu anaongea. Kwenye kioo lipo jina la Zuhura na picha yake anatabasamu. Mwenyewe yuko chini ya blanketi, anakoroma.

"We Zuhura!"

"Shhh, Babu!" Akakurupuka, nywele zimesimama kama nanasi. "Hawanisikii, lakini shhh."

"Mwalimu wako anajua umelala?"

"Anajua nipo. Jina langu si lipo pale?"

Niseme mapema kwamba Zuhura anaelewa Kiswahili chote, pamoja na matusi, ila hujibu kwa Kiingereza. Maneno yake nayaandika kwa lugha yetu ili tuelewane. Kosa hilo ni langu. Rehema alipokuwa mdogo, mimi ndiye niliyeamuru tuzungumze Kiingereza nyumbani ili asichekwe shuleni. Hakuchekwa, na Kiswahili akakisahau nusu. Sasa navuna mazungumzo ya lugha mbili.

Basi ningepaswa kugomba. Badala yake nikacheka mpaka chai ikamwagika kwenye kisahani. "Unajua unachofanya hapo? Unatwanga kinu kitupu. Mama yake bibi yangu alifanya hivyo hivyo, ila yeye alitoka jasho."

"Alikuwa na kompyuta?"

"Alikuwa mtumwa."

Zuhura akakaa kitako, usingizi wote umeruka. Kumbe somo lile alilokuwa akilikoromea lilihusu riwaya ya wanawake weusi wa Marekani zama za utumwa, watu wa kubuni katika nyakati za kweli. Kila mwanafunzi alitakiwa aandike ukurasa mmoja kwa sauti ya mwanamke wa namna hiyo, na Ijumaa ausome mbele ya darasa. Wa kwake alikwisha kuuandika. Nikamwambia anisomee.

Mstari wa kwanza mwanamke analia. Wa pili analia zaidi. Katikati anachapwa, analia. Mwishoni anakufa, na wenzake wanalia.

"Mbona hapiki?" nikamwuliza.

"Nani?"

"Huyu mama yako. Hapiki, hasuki nywele, hamsengenyi mtu yeyote. Analia tu tangu alfajiri. Hizo kazi za watu alizifanya saa ngapi?"

"Babu! Ni utumwa! Si vichekesho."

"Najua. Hata mimi niliambiwa maneno hayo hayo, nikiwa mdogo kuliko wewe, nimevaa khanga ya harusi ya mama yangu."

Baada ya kauli hiyo, nani angerudi kulala?

Ninyi mliokulia Pangani miaka ile mtanisaidia kukumbuka. Mnaikumbuka harufu ya mbata zikikaushwa juani, ile inayoingia mpaka kwenye shuka? Mnavikumbuka vitumbua vya asubuhi vilivyotuunguza ulimi kwa sababu hakuna aliyeweza kungoja vipoe? Tulicheza gololo mpaka kucha zikaota vumbi la kudumu. Tiara zetu tulizigandisha kwa uji wa muhogo, na kama tiara ilikataa kupaa tuliramba gundi. Siku hizi mtoto ananunuliwa ndege ndogo yenye kamera na betri, halafu baada ya nusu saa anasema amechoshwa. Sisi tulichoka, lakini hatukuchoshwa.

Nililelewa zaidi na bibi mzaa mama, Bibi Mwanahawa. Alikuwa kimama kifupi, chekundu midomo kwa tambuu, na kwa desturi yetu aliniita mume wangu, ingawa hakuficha kwamba ndoa ilimkatisha tamaa. "Mume gani huyu," aliwauliza majirani, "chakula nampa mimi, na shuka nafua mimi kila asubuhi!" Majirani walikufa kwa kicheko, nami nilijificha nyuma ya pipa.

Jambo moja halikuzungumzwa mjini kwetu, nalo ni utumwa. Kila mtu alikuwa na babu aliyetoka Arabuni au Shirazi. Ukiwasikiliza, ungedhani yale mashamba ya miwa ya zamani yalilimwa na majini. Kumwita mtu mtoto wa mtumwa kulitosha kuvunja harusi. Hata Bibi, mwenye maneno ya kumshinda kasuku, akifika hapo alinyamaza na kutafuta chokaa ya tambuu yake.

Sasa nilipokuwa darasa la sita, shule ya wavulana watupu, akaja mwalimu kijana kutoka milimani Usambara, Mwalimu Shemweta. Alikuja na kitabu cha Kiingereza kuhusu mwanamke mtumwa wa Marekani anayechuma pamba, na kitabu hicho kilimwingia kichwani. Siku ya wazazi ilikuwa inakaribia. Kila darasa lilitakiwa kuonyesha mchezo, na darasa litakaloshinda lingepanda lori kwenda Tanga kuona sinema. Mimi sinema sikuwahi kuiona. Nilikuwa nimesimuliwa tu kwamba farasi wanatoka ukutani, nami kwa ajili ya farasi hao ningekubali kuigiza hata ng'ombe.

Sikupewa ng'ombe. Sauti yangu ilikuwa bado haijavunjika, nikapewa Dina, mtumwa mwanamke. Wenzangu wawili wakawa wanawake wengine. Rafiki yangu Saidi, mnene na mcheshi, akawa bwana mwenye shamba. Pamba hatukuwa nayo, tukapasua mito ya sufi. Ndevu za mzungu zilitoka kwenye katani za mkonge, na weupe wake ulitoka kwenye unga wa muhogo.

"Lia!" Mwalimu Shemweta alinipigia kelele kila jioni. "Utumwa ni kilio! Lia!"

Nikawa nafanya mazoezi ya kulia nyuma ya jiko. Bibi akatoka na mwiko mkononi.

"Mume wangu, kafa nani?"

"Hajafa mtu, Bibi. Ni mchezo wa shule. Mimi ni mtumwa mwanamke, Marekani."

Akaacha kutafuna. "Na huyo mtumwa anafanya nini?"

"Analia."

"Akimaliza?"

"Analia tena."

"Mh," akasema Bibi, akarudi ndani. Mimi nikaendelea na kilio changu, bila kujua kwamba ile "mh" ingenigharimu sinema.

Siku ikafika. Uwanja wa shule ulifungwa maturubai, wanaume wakakaa upande huu na wanawake upande ule, na mbele wakakaa waamuzi pamoja na mkuu wa shule, amevaa tai inayomkaba. Sisi tukapanda jukwaani. Kila mmoja alikuwa ameazima khanga ya mama yake, na kwa kuwa mtu haendi mbele za watu na nguo mbovu, tulichagua zile nzuri kabisa, za harusini na za Idi, bado zina wanga wa dukani. Niliona kina mama wakitazamana na kubanana mbavu. Nikadhani wanatusifu.

Tukaanza kuchuma pamba. Upepo ukavuma. Sufi, kama mnavyoijua, haikai mahali. Ikapaa yote, ikaingia puani kwetu, na watumwa watatu wa Marekani tukaanza kupiga chafya. Saidi akaja na mjeledi kututisha, lakini jua lilikuwa kali, jasho likachanganyika na ule unga, uso wake ukawa donge. Akafungua kinywa angurume, ndevu zikaanguka. Akaziokota, akazibandika kichwani.

Watu walicheka mpaka ng'ambo ya mto wakasikia. Mimi nikaona lori la Tanga linaondoka bila mimi. Nikakimbilia sehemu yangu kubwa, mahali ambapo Dina anatwanga huku analia. Palikuwa na kinu cha kweli na mchi wa kweli. Nikaushika ule mchi kwa mikono miwili, nikaubamiza ndani kwa uchungu wote wa Marekani.

"Teremka, mume wangu!" Sauti ilitoka upande wa wanawake. "Unatwanga au unaua nyoka?"

Bibi alikuwa amekwisha kusimama. Akapita katikati ya watu, akashika nguzo, akapanda jukwaani huku anahema. Mwalimu Shemweta alitoka nyuma ya turubai, akamwona, akarudi nyuma ya turubai. Bibi akaninyang'anya mchi. Akatutazama tulivyovaa, kuanzia juu mpaka chini.

"Na hizi khanga! Mtumwa gani kavaa khanga ya harusi? Walivaa kaniki. Nyeusi, moja, mpaka ichanike." Akawageukia watu. "Mimi najua. Mama yangu alikuwa mtumwa, shamba la miwa, hapo ng'ambo. Walimwita Faida."

Nawaambieni, palikuwa kimya hata sufi ilisikika ikianguka. Mama yangu alijifunika uso. Mzee mmoja wa mbele, ambaye babu yake alikuwa Mshirazi kuliko Washirazi, aliinamia viatu vyake kama anavihesabu.

Bibi hakuwangoja. "Huyu mtoto kafundishwa kulia. Sawa, walilia. Lakini kutwa nzima? Nyinyi mnaweza kulia kutwa nzima, huku mnatwangia shamba zima?" Akaeleza. Wanawake watatu walitwanga pamoja kinu kimoja, na msimamizi alijilaza kivulini, haangalii, anasikiliza tu. Akisikia milio mitatu, anajua kazi inakwenda. Mmoja kati yao akajifungua, na msimamizi hakumpa hata siku ya kupumzika. Ndipo Faida akagundua ujanja. Walimwaga mpunga pembeni ili usisagike, yeye akatwanga kinu kitupu peke yake kwa milio mitatu, yule wa pili akichungulia njia, na mzazi akimnyonyesha mtoto mpaka wote wawili wanasinzia.

"Na kicheko je! Walijiziba midomo kwa pembe za kaniki, wanacheka mpaka wanalia. Hicho ndicho kilio chao ninachokijua mimi. Na Faida aliponizaa mimi, wenzake wakamtwangia vile vile. Mimi nimenyonya kwa kelele ya kinu kitupu."

Kisha akaonyesha. Mchi ukashuka, du! Akauacha ukaruka juu, akapiga kofi, pa! Kisigino kikagonga mbao, ti! Akaudaka. Du, pa, ti. Du, pa, ti. Ukifumba macho, ungeapa kuna wanawake watatu. Bikizee mmoja upande wa wanawake akadaka lile kofi, polepole, kama anayelijua. Wa pili akaungana naye. Mara wanawake wote wako juu, vigelegele vinapasua maturubai, na Saidi, mwenye shamba wa Marekani, donge usoni na ndevu kichwani, anacheza nyuma ya Bibi huku mjeledi kauning'iniza shingoni kama shada la maua. Mama yangu alijifunua uso. Alikuwa anapiga makofi kuliko wote.

Waamuzi walikaa wakashauriana. Mkuu wa shule akasimama, akalegeza tai. Alisema amefurahi sana, lakini kanuni hazimruhusu kumkubali mwanafunzi wa darasa la sita mwenye wajukuu. Ushindi walipewa darasa la tano, ambao mchezo wao ulihusu umuhimu wa kunawa mikono. Nimeukumbuka sana mchezo ule wakati wa korona. Yale majinga yalikuwa yametangulia wakati wao.

Mji mzima ulimpongeza Bibi. Kuna watu waliokuja mlangoni kwetu jioni, wakakaa, wakaanza kutaja kwa sauti ndogo majina ya mama zao na bibi zao. Mimi nilikuwa chumbani, nimenuna. Nilinuna kisawasawa, kwa ajili ya farasi wa ukutani.

Wageni walipoondoka, Bibi akaja akaketi ukingoni mwa kitanda. "Mume wangu, njoo nikumalizie. Hilo Faida ni jina la shambani, alipewa na waliomnunua. Jina alilopewa na mama yake, kwao Nyasa, ni jingine. Sikia nikwambie wewe, ushike."

Nikaweka mto juu ya masikio. "Sitaki. Umenikosesha sinema."

Akacheka, akanipiga kikofi cha mgongoni. "Haya. Ukimaliza kununa, uje."

Kununa nilimaliza msimu wa gololo ulipoanza, na nikasahau kwenda. Baadaye nikapelekwa shule ya sekondari, mbali, na Bibi akafariki nikiwa huko. Mama yangu nilipomwuliza, tayari nina mvi, alisema yeye hakuwahi kuambiwa. Bibi alikuwa amenichagua mimi. Katika makosa yangu yote, na ninayo ya kutosha, hili ndilo ninaloweza kulipimia uzito wake kwa mkono, maana lina uzito wa mto wa sufi. Sinema nimeziona nyingi tangu siku hizo. Hakuna hata moja ninayokumbuka ilivyokwisha.

"Nionyeshe," akasema Zuhura nilipomaliza. "Ile du, pa, ti."

Kinu tungekipata wapi Mount Druitt, maduka yamefungwa? Tukatoka uani na ndoo tupu ya rangi na mpini wa fagio. Nikautupa mpini juu, nikapiga kofi, mpini ukaniangukia kichwani. Nikaurusha tena, ukaenda kulala kwenye kamba ya nguo. Jirani yetu kutoka Tonga, mama mwenye kicheko cha kutikisa ukuta, akachungulia juu ya uzio akiwa amevaa barakoa.

"Mzee, unaua nini huko?"

"Namfundisha mtoto historia!"

"Historia imekushinda, mzee!"

Zuhura alikuwa anagaragara kwenye nyasi. Lakini vijana hawa, wakitaka jambo, wanalo. Kabla mikono yangu haijakumbuka, yake ilikuwa imejua. Du, pa, ti. Halafu akaingia ndani, akaufuta ukurasa wake wote. Alikuja kuniambia jambo ambalo sikulijua: kwamba kule Marekani palikuwa na mashamba ya mpunga, na wanawake walitwanga kwa kinu na mchi, kama wetu. Nikawa nawaza kwamba huenda hata Dina wangu alikuwa na mlio wake.

Ijumaa ikafika. Zuhura akakaa mbele ya kompyuta, amechana nywele, kamera imewashwa. Mimi nikawekwa pembeni ya mlango na ndoo yangu, na amri ya kutosema neno. Akasoma. Mwanamke wake alikuwa uani kwa watu, Marekani, jua kali, mwenzake amejifungua jana. Akafika mahali pa kinu, akanikonyeza, nikatwanga. Du, pa, ti. Sikukosea hata mara moja. Bibi angenirudishia ndoa yangu. Vile visanduku vyeusi vya wanafunzi waliozima kamera vikaanza kuwaka, kimoja kimoja. Wengine walikuwa bado wana mito mashavuni.

Alipomaliza, akawaambia mlio ule ni wa mwanamke wa kwetu Pangani, na mwalimu akasogeza uso karibu na kamera. Kisha akauliza, "Huyu mwanamke wa kwenu, jina lake nani?"

"Shambani walimwita Faida."

"Na jina lake mwenyewe?"

Zuhura akanigeukia. Nilikuwa nimesimama pale mlangoni na mpini wa fagio, mzee wa miaka sabini.

"Hatulijui," akasema. "Babu alikuwa amenuna."

Darasa zima lilipasuka kwa kicheko, na mwalimu naye, na Zuhura, na mimi nikacheka kuliko wote, mpaka nikalazimika kuikalia ile ndoo ya rangi na kujiziba mdomo kwa pembe ya shati. Sijui kilichokuwa kinanitoka machoni kilikuwa cha kicheko au cha kilio.

Wenzangu, sisi tulikuwa na wazee waliojaa majina, na masikio yetu yalikuwa wazi, hayana kitu isipokuwa nta. Tukayafunika wenyewe kwa mito. Wajukuu zetu masikio yao yamezibwa muziki tangu asubuhi, na wazee wao ni sisi, tuliosahau nusu. Lakini Zuhura siku hizi anachomoa kile kidude cha sikioni, kimoja tu, hawezi viwili, anakuja jikoni kuniuliza. Mama yako alipenda kula nini? Saidi alifia wapi? Mimi namjibu hapo hapo, kabla hajanuna mtu.

Jumatatu iliyofuata, Rehema alirudi kutoka zamu ya usiku. Nikamsikia bafuni ananawa mikono kwa sabuni, muda mrefu, kama darasa la tano. Akaita kwa sauti iliyochoka, "Baba, Zuhura yuko darasani?"

Nikachungulia chumbani kwa Zuhura. Kompyuta mezani, jina kwenye kioo, picha inatabasamu. Blanketi limevutwa mpaka kichwani, linapanda na kushuka. Usiku uliopita alikesha ananiuliza habari za Pangani.

"Yupo," nikajibu. "Husikii?"

Nikaingia kwa vidole vya miguu, nikaongeza sauti ya kompyuta.